Jeraha la Jani na Jina la Mdudu: Uhakiki wa Istilahi za Vipeperushi vya Kilimo

Utangulizi

Istilahi hupimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile tuliyoizoea sisi tunaokaa ofisini: neno huletwa mbele ya kamati, asili yake huchunguzwa, ngeli yake huthibitishwa, kisha likakubaliwa au likakataliwa. Njia ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kulitazama neno likiwa mkononi mwa mtu anayelihitaji ili atende jambo. Neno laweza kufuzu vizuri katika njia ya kwanza na kuanguka vibaya katika njia ya pili. Makala haya yanahusu maneno ya namna hiyo, na msomaji aelewe tangu mwanzo kwamba baadhi yake yalipita mikononi mwa mwandishi mwenyewe.

Maneno tunayokusudia kuyahakiki ni yale yanayotumika katika vipeperushi vya kilimo kueleza namna ya kumtambua mdudu mharibifu kwa kuangalia jeraha aliloliacha kwenye jani. Mara nyingi mkulima hamwoni mdudu. Mdudu amejificha chini ya jani, au amekwisha kuingia ndani ya bua, au huja usiku na kuondoka alfajiri. Kinachobaki ni jani. Basi maelezo ya jani yakiwa na kasoro, utambuzi wote una kasoro, na gharama ya kasoro hiyo hailipwi na mtafsiri.

Yaliyotokea Bukundi

Bukundi ni kata katika wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga na ambao makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya pamba, mahindi, mtama, dengu na alizeti. Wakulima wake wengi huzungumza Kisukuma nyumbani, lakini Kiswahili ndicho wanachokisoma: kwenye mfuko wa mbegu, kwenye chupa ya dawa na kwenye kipeperushi anachokileta bwana shamba.

Mwandishi alifika huko kwa shughuli nyingine ya lugha, msimu wa pamba ukiwa katikati. Mama mmoja mkulima, alipoambiwa kwamba mgeni anashughulikia maneno ya Kiswahili, aliingia ndani akatoka na kipeperushi kilichokunjwa mara nne. Mwandishi alikitambua mara moja. Tafsiri yake ilikuwa kazi yake mwenyewe, aliyoifanya miaka kadhaa nyuma.

“Mwanangu,” alisema mama yule, “karatasi hii inasema majani yakijikunja nipige dawa ya chawajani. Nimepiga mara mbili. Njoo uone.”

Tulikwenda shambani. Kwamba majani yalikuwa yamejikunja, hilo halikuwa na ubishi. Lakini yalikuwa yamesokotwa kama sigara za kienyeji, yamefungwa kwa nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui, na kila tulilolifungua tulikuta ndani yake kiwavi wa kijani kibichi pamoja na punje nyeusi za kinyesi chake. Chawajani hawakuwako. Dawa ile ilikuwa ya kumuua mdudu aliyeguswa nayo, na kiwavi alikuwa amelala salama ndani ya nyumba aliyojijengea. Kwa wingi ule mdogo wa viwavi, ingetosha kupita mistarini na kuyaminya majani yaliyosokotwa kwa vidole.

Mama yule hakulaumu mtu. Alisema tu, “Dawa nilikopa.”

Tangu siku hiyo mwandishi amelirudia mara nyingi neno “kujikunja”, na makala haya ni matokeo ya kulirudia huko.

Jani ni shahidi

Kabla ya kuyahakiki maneno, hapana budi tukumbushane jambo lenyewe. Mdudu huacha alama kulingana na kinywa chake. Panzi, kiwavi na mbawakawa wana mataya ya kutafuna. Hao huondoa sehemu ya jani. Kidukari, chawajani na nzi mweupe wana mrija wa kufyonza. Hao huliacha jani zima, lakini hulinyonya utomvu na mara nyingine hulitia mate yenye sumu, likabadilika rangi na umbo. Kithiripi hukwangua ngozi ya jani na kufyonza kinachotoka. Tena wapo mabuu wadogo mno wanaoishi kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini ya jani, wakila nyama iliyoko katikati.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Kiuatilifu kinachosambaa ndani ya mmea humfaa mkulima anayepambana na mfyonzaji. Kile cha kuua kwa kugusa hakimfikii kiwavi aliyejifungia. Kwa hiyo anayesoma jani, kwa hakika anasoma kinywa cha mdudu, na kwa kusoma kinywa huchagua silaha. Lugha inayomwongoza ni lazima iweze kutenganisha alama moja na nyingine.

Sasa tuangalie vipeperushi vyetu vinasemaje. Mwandishi amepitia kadhaa, vya zamani na vya karibuni. Vitenzi vinavyotawala ni viwili: “kushambulia” na “kuharibu”. Mdudu hushambulia majani. Mdudu huharibu majani. Vitenzi hivi havina kosa la sarufi, ila havina macho. Mkulima anajua tayari kwamba ameshambuliwa. Anachouliza ni ameshambuliwa na nani.

Neno moja, majeraha manne

Panapotolewa dalili mahususi, neno linalopendwa zaidi ni “kujikunja”. Katika shamba la pamba neno hili hubebeshwa mambo manne yasiyo na uhusiano.

Jambo la kwanza ni kazi ya chawajani. Ukingo wa jani huinama kuelekea chini, huwa wa manjano, kisha mwekundu, na mwishowe hukauka kama ulioungua. Ukiligeuza jani utawaona wadudu wadogo wa kijani wakikimbia upandeupande kama kaa. Ni kwa sababu ya mdudu huyu kwamba watafiti wa pamba, wa Ukiriguru wakiwamo, walithamini aina za pamba zenye majani ya manyoya, maana chawajani hapendi jani la namna hiyo. Katika kupita, tutaje kwamba vipeperushi huyaita manyoya hayo “nywele”, ilhali Kiswahili kina neno “malaika” kwa vinywele laini vya mwilini. Neno hilo lingefaa sana, kama wasomaji wataweza kulipokea bila kucheka.

Jambo la pili ni kazi ya vidukari. Hapa jani lote hufinyana, likawa na mabonde na vilima, na uso wake hung’aa na kunata. Sisimizi hupanda na kushuka wakifuata utamu, na baadaye ukungu mweusi mfano wa masizi huota juu ya unyevunyevu huo.

Jambo la tatu ni lile la Bukundi: jani limesokotwa na kufungwa kwa nyuzi, na mwenye nyumba yumo ndani.

Jambo la nne si la mdudu. Ni jani lililolegea kwa kiu saa za mchana na kusimama tena jioni. Mkulima anayepiga dawa kwa ajili ya jani hili anamwaga fedha ardhini.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote hapa. Kuinama, kufinyana, kusokotwa, kunyauka: maneno haya yote yamo katika kamusi zetu na katika vinywa vya watu. Mtafsiri, naye ni mwandishi wa makala haya, alikuwa na maneno manne akatumia moja, kwa sababu matini aliyokuwa akiifasiri nayo ilitumia moja. Aliifuata matini, hakulifuata jani. Hilo ndilo kosa lenyewe, na halitibiwi kwa kuongeza istilahi mpya bali kwa kumpeleka mtafsiri shambani.

Tundu si tundu

Neno la pili linalostahili kuhojiwa ni “matundu”. Kipeperushi cha mahindi husema: majani huwa na matundu. Hebu tuyaangalie.

Bungua wa mabua huanza kazi yake pale ambapo majani machanga bado yameviringika katika moyo wa mmea. Anapotoboa, hutoboa tabaka kadhaa kwa mara moja. Jani likifunguka, vitundu huonekana vimejipanga katika safu, kama karatasi iliyokunjwa ikachomwa sindano mara moja na kukunjuliwa. Safu hiyo ni onyo lenye muda mfupi, kwa kuwa baada ya siku chache kiwavi huteremka na kuingia ndani ya bua, na huko dawa ya kunyunyiza haimfikii.

Kiwavijeshi vamizi huanza kwa namna nyingine. Akiwa mdogo hukwangua upande mmoja wa jani na kuuacha ngozi upande wa pili, hata mwanga ukapita kama katika kioo. Akikua huacha matundu makubwa yenye kingo zilizochanika, na moyo wa mmea hujaa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao unaotoka kwenye msumeno. Kiwavijeshi wa asili yetu, yule aliyejulikana Afrika Mashariki tangu zamani, hula jani kuanzia ukingoni na kulimaliza, pengine akabakiza uti wa katikati peke yake.

Hapa ipo tahadhari ambayo haki inadai tuitaje. Kiwavijeshi vamizi naye huweza kuacha safu ya vitundu, kwa kuwa naye hukaa ndani ya moyo wa mmea. Alama moja peke yake haitoshi. Hapana budi zisomwe mbili au tatu pamoja. Hii ni sababu nyingine ya kuzipa alama hizo majina tofauti, maana mtu hawezi kuhesabu vitu vitatu alivyopewa kwa jina moja.

Majina yanayoelekeza na majina yanayopoteza

Tukitoka kwenye alama tukaingia kwenye majina ya wadudu, tunakuta majina mema na mabaya yamechanganyika.

Jina “viwavijeshi” ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Kwa mdudu wa zamani jina hili linafaa, maana kweli huja makundi kwa makundi na kuhama shamba baada ya shamba. Ndugu yake kutoka mabara ya Amerika aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na hapa Tanzania mwaka 2017. Akapewa jina lilelile na kuongezewa “vamizi”. Kivumishi hiki kinaeleza historia yake, lakini kwa tabia kinapotosha. Mdudu huyu haendi gwaride. Hujificha katika moyo wa mhindi, mara nyingi mkubwa mmoja kwa kila mmea, kwa kuwa hulana wenyewe kwa wenyewe. Mkulima anayengojea kuliona jeshi hataliona. Jina limekwisha kuenea, nasi hatupendekezi lifutwe. Tunapendekeza kila kipeperushi kinacholitumia kiseme katika sentensi ya kwanza kwamba jeshi hili huvizia.

Jina “funza wa vitumba” lina kasoro mbili. Kwanza, funza katika Kiswahili cha kawaida ni yule wa miguuni au yule wa nyama iliyooza, na huyu ni kiwavi wa nondo. Pili, na hili ni kubwa zaidi, jina humfunga mdudu kwenye pamba. Lakini mdudu huyuhuyu, anayeitwa na wanasayansi Helicoverpa armigera, hula dengu, nyanya, alizeti na gunzi la mhindi. Mkulima wa Meatu mwenye pamba na dengu katika mashamba yanayopakana anaweza kudhani kwamba ana maadui wawili, kumbe ni mmoja mwenye majumba mawili.

Kwa upande mwingine, jina “wadudu mafuta”, ambalo wakulima wa pamba huwaitia vidukari, ni jina lenye macho. Mtaalamu atapinga kwamba kile kinachong’aa si mafuta bali ni sukari. Ni kweli. Hata hivyo jina hilo humfundisha mtu cha kutazama, nacho ni mng’aro wa jani, na humkumbusha hata asipokuwa na karatasi. Maoni yetu ni kwamba “kidukari” libaki katika vitabu vya shule, na “mdudu mafuta” litajwe daima kando yake katika vipeperushi, bila kuliita kosa.

Jina la nne ni “kantangaze”. Hivyo ndivyo wakulima wa nyanya walivyomwita mdudu aliyeingia nchini mnamo mwaka 2014, ambaye buu wake huchimba ndani ya jani na kuacha mabaka makavu mfano wa karatasi. Jina hili halielezi jani wala mdudu. Linaeleza aibu na hasara ya mwenye shamba. Lilienea haraka kuliko istilahi yoyote iliyotoka katika kamati, na wanaokaa katika kamati wafikiri kwa nini.

Mwisho, neno “mdudu” lenyewe. Darasani tunafundisha kwamba mdudu ana miguu sita. Shambani mdudu ni kila kidogo kitambaacho, hata utitiri mwekundu wenye miguu minane. Mkulima akiambiwa “piga dawa ya wadudu” ataipiga kwa utitiri pia, na kuna dawa ambazo hazimdhuru utitiri bali huwaua maadui wake, akazidi kuongezeka. Hatuwezi kuibadili maana ya neno kongwe kama hili. Tunaweza, hata hivyo, kuandika wazi kwamba dawa fulani “haiui utitiri”, badala ya kuiachia ngeli ya istilahi kazi ya kulinda shamba la mtu.

Hoja ya wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba mkulima hahitaji msamiati mwingi, na kwamba lugha rahisi ndiyo iliyo bora. Hoja hii ina heshima yake, lakini huchanganya urahisi na uchache. Mfugaji wa Kisukuma hamwiti kila ng’ombe kwa rangi moja ili kurahisisha mazungumzo. Palipo na mali, watu hutaka maneno mengi na huyakumbuka. Neno rahisi ni lile ambalo msikilizaji akilisikia huona kitu; idadi ya maneno si kipimo.

Wengine watasema kwamba picha za rangi zimeondoa haja ya maelezo. Picha zinasaidia sana, nasi tungependa ziwe nyingi. Lakini kipeperushi kilichonakiliwa kwa rangi nyeusi na nyeupe hakionyeshi ukingo uliokuwa mwekundu, na redio haina picha. Bwana shamba anapoulizwa kwa simu na mkulima aliye mbali, wenye kuonana hapo ni maneno matupu.

Mapendekezo

Mwongozo wetu wa kuunda istilahi hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, ndipo tuazime kutoka nje. Katika jambo hili hatukulazimika kuvuka hatua ya kwanza. Tunapendekeza maneno yafuatayo yajadiliwe:

Mwinamo wa ukingo: hali ya kingo za jani kuelekea chini, jani likibaki wazi.

Mfinyano: hali ya uso wa jani kuwa na mabonde na vilima.

Msokoto: jani lililoviringishwa na kufungwa kwa nyuzi za kiwavi.

Mnyauko: kulegea kwa jani kwa kukosa maji, bila alama ya kinywa.

Kidirisha: sehemu ya jani iliyokwanguliwa upande mmoja, ngozi ya upande wa pili ikipitisha mwanga.

Safu ya vitundu: vitundu vilivyojipanga kukingama jani, vilivyotobolewa jani likiwa bado limeviringika.

Pengo: sehemu iliyoliwa kuanzia ukingoni.

Handaki: njia au baka lililochimbwa kati ya ngozi mbili za jani.

Tunaomba pia kwamba, kabla orodha hii au nyingine yoyote ya kilimo haijasanifiwa, wajumbe wapewe majani halisi mezani na kutakiwa wayaeleze kwa maneno yaliyopendekezwa. Kisha wakulima wapewe maneno na kutakiwa wayatafute majani. Neno litakaloleta majani mawili tofauti lirudishwe.

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu hapo lugha yetu imepata istilahi za sheria, uhandisi, benki na sayansi. Kazi hiyo imetupa fahari, nayo ni fahari ya haki. Lakini fahari humfanya mtu ahesabu maneno aliyoyaunda, asihesabu maneno yaliyofika.

Kipeperushi cha Bukundi kimekwisha kuandikwa upya na aliyekitafsiri, na rasimu yake ameipeleka kwa waliokitoa. Mahali palipokuwa na neno “kujikunja” sasa pana mistari minne. Karatasi imeongezeka nusu ukurasa, na mchapaji amenung’unika kwamba gharama imezidi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko chupa mbili za dawa ya mkopo.